Bwana Stoo Hatulii Pichani

Bwana Stoo alikaa kwenye kiti cha studio Jumanne asubuhi, shati jeupe, tai ya kuazima, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kando yake alisimama Kitinda, mchumba wake, mkono begani kwake. Mpiga picha, ambaye ni dada mkubwa wa Kitinda, aliwaambia wanyanyue videvu na wasibane midomo. Akabonyeza, kisha akatazama kioo kidogo nyuma ya kamera. Kitinda alikuwa ametoka wazi hata ungeweza kufuata mshono wa blauzi yake kwa ncha ya sindano. Bwana Stoo alikuwa ukungu mtupu.

"Umetikisika, shemeji."

"Mimi? Mbona nimekaa tu."

"Hajatikisika, dada," Kitinda alisema. "Bega nimelishika mwenyewe. Lilikuwa limetulia kama meza."

Mpiga picha hakubishana. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, pamoja na kiti, pazia la bluu na tabia ya kutomwamini mtu kabla hajamwona kwenye karatasi. Kwa watu waliokaa alitumia kasi ya mia na ishirini na tano. Maana yake unachukua sekunde moja, unaikata vipande mia na ishirini na tano, na kilango kilichomo ndani ya kamera kinafunguka kwa muda wa kipande kimoja tu, halafu kinafunga. Kwa mtu aliyekaa kasi hiyo inatosha na chenji inabaki. Watoto na kuku huwapandishia mpaka mia tano. Ukishuka chini, ukafika thelathini au kumi na tano, kila kinachosogea kinajipaka chenyewe pichani kama siagi.

Marehemu baba alimfundisha hayo yote kwa bomba la uani lililokuwa likivuja. "Polepole, maji yanakuwa uzi," alikuwa akimwambia. "Haraka, yanakuwa shanga. Maji ni yaleyale. Wewe ndiye unayechagua unataka kujua nini." Ndiyo maana bomba lile halikuwahi kutengenezwa. Lilikuwa ubao wa darasa, na hata baada ya baba kufariki, kila kamera mpya ilipelekwa kwanza kuliona.

Akapandisha mpaka mia mbili na hamsini. Ukungu. Mia tano, ukungu, na safari hii Bwana Stoo alikuwa na kitu kama masikio matatu. Akaenda elfu moja, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa kamera yake. Kwa kasi hiyo aliwahi kumpiga mbwa akiruka uzio na kucha zikaonekana moja moja. Bwana Stoo, ambaye hakuwa amepepesa hata jicho, alitoka kama shati lililo kwenye kamba siku ya upepo.

"Labda kamera imechoka," Kitinda alisema.

"Kamera haijachoka. Kuna mtu hapa anakimbia."

"Anakimbia vipi naye amekaa?"

"Hata mimi hilo ndilo ninalouliza."

Hakuna aliyeona ajabu. Mji ule ulikuwa na mwashi ambaye kila akipigwa picha alitoka amempa mpigaji mgongo, hata umzunguke vipi, na kitambulisho alipewa hivyohivyo, chenye kisogo. Picha ni kitu cha watu, na watu wana mambo yao. Lakini mwashi yule hakuwa anamwoa mdogo wake mtu.

Bwana Stoo aliomba radhi kwa usumbufu, akatoka uani kunawa uso. Mpiga picha alipomfuata alikuta kimya. Bomba lilikuwa limeacha kuvuja. Bwana Stoo alikuwa anafuta spana yake kwa leso, maana alikuwa mtu wa kutembea na spana mfukoni.

"Nimekusaidia, dada. Lilikuwa linapoteza maji."

"Asante," akasema, kwa kuwa adabu ni adabu. Lakini moyoni alimwekea alama.

Na alama zilikuwa nyingi tayari. Bwana Stoo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari ya kila urefu, bawaba, vitasa, komeo, minyororo, rangi. Kufuli hakuna. Ukimuuliza anakwambia zimeisha, wiki ijayo zitakuja, na hiyo wiki ijayo haikuwahi kuja tangu duka lifunguliwe. Alipotembelea nyumba ya mtu alikaa pale ambapo mlango unaonekana, na mlango wenyewe aliuacha wazi kidogo, mvua iwe inanyesha au jua linawaka. Kitinda alisema huo ni uungwana, mtu asiye na cha kuficha. Dada yake aliona vingine. Mtu asiye na cha kuficha hahangaiki na mlango.

Jina la Bwana Stoo lilitoka kiwanda cha magodoro, alikokuwa mtunza ghala. Kiwanda hicho hakipo tena, pamebaki ukuta mweusi na nyasi. Mchana mmoja sponji zilishika moto, na watu wa zamu waliokuwa ghalani hawakutoka. Mmoja wao alikuwa binti wa pili wa familia hii, ambayo mabinti wake watatu waliitwa nyumbani kwa mpangilio wao, Mkubwa, Kati na Kitinda. Kati alikuwa mcheshi wa nyumba, yule anayemwiga kila mgeni akishatoka, na tangu aondoke chakula kililiwa kimyakimya. Uchunguzi ulisema mlango uliganda kwa joto. Mwenye kiwanda alihamia mji mwingine. Bwana Stoo alisema ufunguo alimwachia mlinzi akaenda kula, na mlinzi naye alikuwa miongoni mwa waliokufa, na maiti haiulizwi.

Mpiga picha alikwenda kuuona mlango ule siku ya pili yake. Bati lake lilikuwa limepinda lakini halikuwa limeganda. Kwenye pete ya komeo palikuwa na mkato wa msumeno, mpya, unaong'aa. Mtu hakati kwa msumeno mlango ulioganda; anakata kufuli. Alisema hivyo kwa kila aliyekubali kusimama, na watu wakamwonea huruma, wakasema msiba umemwelemea, ampumzishe marehemu. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, kuujua mkono uliofunga. Sasa mdogo wake alikuwa anakaribia kulala jirani na mkono ambao huenda ndio huo.

Alimwambia mama yake. Mama alikuwa anachambua mboga chini ya bati jipya la jikoni, bati ambalo Bwana Stoo alilileta mwenyewe, akapanda mwenyewe, akaligongelea misumari mwenyewe. Ni yeye pia aliyempeleka mama kutibiwa macho mpaka yakaona tena.

"Mwanangu," mama alisema, "mkwe akikuezekea, huanzi kumuuliza alikuwa wapi wakati unavujiwa."

"Mimi nauliza, mama. Kila picha anatoka ukungu."

"Basi mpige vizuri. Kazi si yako?"

Ndipo mpiga picha alipokwenda kuazima kamera kwa mwenzake anayepiga picha za mpira uwanjani. Kamera ile ilikuwa nzito kama tofali na kasi yake ilifika elfu nane.

"Elfu nane unampiga nani?" yule bwana aliuliza. "Risasi?"

"Shemeji yangu."

"Aa," akasema, akampa na betri ya akiba. Naye alikuwa na mashemeji.

Kasi kubwa hula mwanga. Kilango kikifunguka kwa muda mfupi kiasi hicho, mwanga unaoingia ni wa kuokoteza, hivyo studioni hapafai. Mpiga picha aliwatoa uani saa sita mchana, jua la utosi, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kiti kilekile. Tai ileile ya kuazima. Kitinda akaweka mkono begani, akasema safari hii picha isipotoka wataandika majina tu kwenye kadi za harusi, yaishe.

Kwa elfu mbili ukungu ulikuwa mwembamba. Kwa elfu nne ulianza kuona mabega, na kitu fulani mkononi. Akageuza gurudumu la kamera mpaka likakataa kwenda mbele, akabonyeza. Hakutazama kioo. Alichomoa kadi ya kamera, akaingia ndani kuiweka kwenye kompyuta, na wote wakamfuata. Mama alikuwepo, alikuwa amekuja kuwaangalia wanawe. Mjomba pia alikuwepo, kaka yake mama, aliyebeba shughuli nzima ya harusi mabegani na kutaka watu wajue hivyo.

Picha ilifunguka taratibu kutoka juu kwenda chini.

Bwana Stoo alikuwa wazi. Kila unywele wa nyusi ulikuwa mahali pake. Ila hakuwa amekaa, na nyuma yake hapakuwa na ukuta wa chokaa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bati, mwili umeshageuka kuondoka, uso umerudi kuitazama kamera juu ya bega, mkono wa kulia bado uko kwenye kufuli. Mkono wa Kitinda ulikuwa palepale begani kwake, na Kitinda mwenyewe alikuwa anatabasamu kama alivyoambiwa. Juu ya mlango palikuwa na kidirisha cha wavu. Kwenye wavu, kwa ndani, kilikuwa kimebanwa kitambaa cha kichwa, cha bluu na madoa meupe.

Bwana Stoo alivaa miwani, akainama karibu na kioo.

"Rangi siyo hiyo," alisema. "Kufuli haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya njano, ya shaba."

Mjomba alikohoa. "Rangi si kitu. Rangi inarekebishika."

Mama alinyoosha kidole akakigusa kile kitambaa kwenye kioo, polepole, kana kwamba kingeweza kuwa cha moto. "Hiki nilimshonea mimi. Upindo nilikosea, nikaurudia. Unaona hapa ulivyopinda?" Kisha akatafuta mahali pa kukaa.

Mpiga picha alikuwa amejiandaa kwa siku hii kwa miaka. Alikuwa na maneno mengi, mengine ameyasemea jikoni peke yake mpaka sufuria zimeyazoea. Yote yalimtoka, likabaki moja.

"Kwa nini?"

"Niliagizwa nifunge," Bwana Stoo alisema, miwani bado iko puani. "Sponji zilikuwa zinaibwa. Kila mchana nilifunga nikaenda kula, nikarudi nikafungua. Kila siku nilirudi, dada."

"Na siku ile?"

"Siku ile foleni ya chakula ilikuwa ndefu."

Alimchukia. Alimchukia zaidi kwa sababu alijibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa bei ya misumari. Aligeuka kwa Kitinda akitegemea kumkuta analia, au amekimbilia nje, au ameshika kitu cha kutupa. Kitinda alikuwa anaiangalia picha, kichwa amekiinamisha upande, jinsi mtu anavyojiangalia kama amependeza. Hapo shaka ya mpiga picha, ambayo siku zote ilikuwa na anuani moja, ikapata ya pili.

"Ulijua?"

"Akisinzia kwenye kochi," Kitinda alisema, "mkono wake wa kulia huwa unafanya hivi." Akauzungusha mkono hewani, nusu mzunguko, kama mtu anayefungua. "Unafungua tu, unafungua tu. Nilijua, ndiyo. Nilidhani na wewe unajua."

"Na bado unaolewa naye!"

"Dada, Kati alikuwa dada yangu pia. Nimelia nikamaliza. Sasa nimepata mwanamume asiyeweza kufunga mlango hata wa choo. Mwingine wa hivyo nitampata wapi?"

"Yaliyopita si ndwele," mjomba aliingilia, akanyanyuka kuonyesha kwamba kikao kimefungwa, "tugange yajayo. Kijana ametoka wazi, meno yote yanaonekana. Tulichotaka si hicho?"

Bwana Stoo alishukuru, akampa mkono kila mtu, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa kawaida. Alipotoka aliuacha mlango wa studio wazi kidogo.

Siku mbili baadaye mpiga picha alichapa picha ile kwa ukubwa wa karatasi ya barua, akaipeleka kituo cha polisi. Ofisa aliyempokea alikuwa mtu makini. Aliitazama kwa macho, kisha kwa kioo cha kukuzia, akaisifu kwa utulivu wake, akauliza ni kasi gani. Akaambiwa elfu nane. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu ndiye aliyefunga ghala?"

"Ndiye. Na amekiri mbele ya watu."

"Watu gani?"

"Mama yangu, mjomba, na mdogo wangu."

"Watakuja kusema?"

Mpiga picha alirudia kuitazama picha, na ofisa aliandika kitu. Kisha akageuza picha, akasoma tarehe na saa ya kupigwa, ambazo mashine huzichapa nyuma.

"Picha hii umeipiga juzi."

"Juzi, ndiyo. Uani kwangu."

"Uani kwako, saa sita mchana."

"Ndiyo."

"Na ghala liliungua miaka mingi iliyopita. Sasa nisikilize, dada yangu. Kama juzi saa sita mtu huyu alikuwa ghalani anafunga, basi hakuwa kwako. Na kama alikuwa kwako, basi hakuwa ghalani. Wewe unasema alikuwa kwako. Kwa hiyo wewe ndiye shahidi wake." Alimrudishia picha kwa mikono miwili. "Lakini umefanya kazi nzuri. Binti yangu anamaliza shule mwezi ujao, huwa anatoka na macho yamefumba. Nitamleta."

Alirudi studio akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja. Siku ile alijaribu kulilegeza bomba la uani, walau asikie tone. Halikulegea. Bwana Stoo alikuwa amelikaza sawasawa. Yule mtu kazi yake haikuwa na kasoro.

Aliapa kwamba picha ile hataikata ili iingie kwenye kadi. Mjomba alipiga simu kuhusu kadi, hakupokea. Kitinda alikuja akakaa nusu saa, akaondoka. Mwishoni akaja mama. Hakupitia uani kama mtu wa nyumbani. Alipitia mbele, akasimama kaunta nyuma ya mteja aliyekuwa anangoja picha za pasipoti, akasubiri zamu yake, mkoba kifuani.

"Nataka picha ya mwanangu na mchumba wake," alisema zamu yake ilipofika. "Ya kuweka kwenye kadi. Kadi inahitaji vichwa tu. Uikate hapa." Akapitisha kiganja chini ya kidevu chake mwenyewe, na kingine juu ya utosi.

"Mama. Kitambaa kitakatika."

"Najua kipo wapi."

"La kuvunda halina ubani, mama."

"Basi harufu tutaizoea." Mama aliweka mkoba juu ya kaunta. Macho yake, yale yaliyotibiwa, yalikuwa makavu. "Nilizaa watatu. Nimebakiwa na wawili. Wewe usipoikata, Kitinda ataondoka na huyu bwana na hatarudi kwangu, nami nitabaki na mmoja. Sasa niambie nichague yupi."

Mteja wa pasipoti alijifanya anasoma bei ukutani. Mpiga picha aliwaza maneno ya kusema, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na faida kwa mama. Aliingia ndani. Alisogeza mistari ya kukatia, wa juu ukashuka, wa chini ukapanda, ya pembeni ikakaribiana. Kidirisha kikatoka. Kufuli ikatoka. Mkono ukatoka. Vikabaki vichwa viwili vimeegemeana na kipande kidogo cha bati nyuma yao ambacho mtu angedhani ni pazia la kijivu. Alichapa, akaweka kwenye bahasha, akaandika jina la Kitinda kwa mwandiko wake mzuri wa kazi. Alilia baadaye, akiwa anafagia.

Kadi zilisifiwa na kila aliyezipokea. Watu walisema Bwana Stoo ana macho ya huruma.

Siku ya harusi hapakuwa na mtu mwingine wa kupiga picha, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kasi ya bwana harusi. Mpiga picha alikuja na kamera ya kuazima, na mkono mmoja akabeba miguu mitatu ya kuisimamishia. Mchana, wageni walipokwisha kula, mjomba aliwapanga ukutani kwa ajili ya picha ya ukoo, warefu nyuma, wafupi mbele, wazee kwenye viti. Bwana na bibi harusi katikati. Mama kulia kwao, amemweka mtoto mchanga wa jirani mapajani. Ofisa wa polisi naye alikuwepo, alialikwa upande wa bwana harusi, ikaonekana walikuwa wanafahamiana siku nyingi.

Mpiga picha alianza na mia na ishirini na tano kwa mazoea. Alipotazama kioo, alidhani kamera imeanguka mahali. Safu nzima ilikuwa ukungu. Mjomba alikuwa ukungu na tai yake. Ofisa alikuwa ukungu. Kitinda, ambaye tangu utotoni alitoka wazi hata akicheza, alikuwa amefifia kingo zote. Na mama, mama ambaye baba alikuwa akimpiga kwa kasi ya thelathini bila wasiwasi kwa jinsi alivyojua kutulia, alikuwa wingu la kitambaa cha harusi. Katika picha nzima aliyetoka wazi alikuwa yule mtoto mchanga, ambaye muda wote alikuwa anarusha miguu.

"Vipi?" mjomba aliuliza. "Tumetoka?"

"Bado. Msiondoke."

Hakuwa na haja ya kupitia elfu mbili na elfu nne. Aligeuza gurudumu moja kwa moja mpaka likagoma. Jua lilikuwa linatosha.

"Weka ijipige yenyewe, uje na wewe," mama aliita. "Utakosekana kwenye picha ya familia, watu waulize."

"Mimi napiga, mama."

"Njoo."

Aliiweka kamera kwenye miguu yake, akaitegesha ijipige, taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima. Nafasi ilikuwa imebaki pembeni kabisa, mwisho wa safu ya nyuma. Alikimbia akasimama hapo. Kamera ikajipiga.

Picha ile ilitoka wazi kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Watu wote wamepangika vizuri, wanatabasamu, hakuna aliyefumba macho. Nyuma yao upo mlango wa bati, mpana, umefika mwisho wa picha pande zote mbili, na wote wameupa mgongo. Kufuli ni ya njano, ya shaba. Imeangukia upande wa mpiga picha mwenyewe, ambaye ametokea mwisho wa safu, karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote, usawa wa kiwiko chake. Mkono wake wa upande huo ameutia mfukoni.

Wageni waliiona siku ileile kwenye kioo cha kamera, wakaipokezana. Karibu kila mmoja aliagiza nakala. Mpiga picha aliuliza kila aliyeagiza kama angependa ikatwe, na kwa mama aliuliza mara mbili.

"Ya nini kukata?" mama alisema. "Iache hivyohivyo. Mlango umeipendezesha."

Waliitundika sebuleni kwa mama, kando ya picha ya Kati, ile ya kitambulisho cha kiwanda, ambayo dada yake alimpiga kwa mia na ishirini na tano, mara moja tu, ikatoka wazi. Bwana Stoo ndiye aliyepiga misumari. Walipokwisha kunywa chai na yeye kutoka, akiuacha mlango wazi kidogo nyuma yake, mpiga picha aliona ile ya harusi imeinama upande mmoja, upande wa kufuli. Alinyanyuka akainyoosha.